Refa Alikiri, Kanuni Haikumsikia

Jumapili ya 11 Julai 2010, uwanja wa Croke Park, Dublin. Ni fainali ya jimbo la Leinster katika mpira wa Kigaeli, dakika za kawaida zimekwisha na zinachezwa za kufidia muda uliopotea. Louth, kaunti ndogo kuliko zote Ayalandi kwa eneo, inaongoza kwa pointi moja dhidi ya jirani zake wa Meath. Mara ya mwisho Louth kulibeba kombe hilo ilikuwa 1957. Mpira unapigwa juu, unadondokea kwenye msongamano mbele ya goli. Joe Sheridan wa Meath anaudaka, anayumba, anaanguka na kuvuka mstari mpira ukiwa mikononi mwake. Sheria ya mchezo huo haina utata hapo: goli halifungwi kwa kubeba mpira wala kwa kuurusha kwa mkono. Lakini bendera ya kijani, ishara ya goli, ikapepea, na refa Martin Sludden, mtu wa kaunti ya Tyrone, akalikubali goli. Meath 1-12, Louth 1-10, yaani pointi 15 kwa 13, kwani goli ni pointi tatu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mashabiki waliingia uwanjani. Baadhi yao walimfuata refa, wakamsukuma na kumzonga mpaka polisi walipomzingira wakamtoa. Siku iliyofuata chama kinachosimamia michezo hiyo, GAA, kilieleza kwamba refa mwenyewe amekubali alikosea. Kikaeleza pia kwamba kanuni hazikipi mamlaka ya kuamuru mechi irudiwe kwa kosa la namna hiyo. Kama Meath wangependa, wao ndio waseme. Meath hawakusema.

Nimeuangalia mkanda ule mara nyingi, na kila mara goli lenyewe linaniuma kidogo kuliko kilichofuata. Refa kukosea ni jambo la kila wiki katika kila mchezo duniani. Lakini hapa mtu alikosea mbele ya maelfu, akapigwa kumbo, akarudi kwao, akakaa chini na kukiri kosa lake wazi, na ukweli ule haukuwa na pa kwenda. Chama kilidai ripoti ya kweli kutoka kwake, nayo ilipofika hakikuwa na la kuifanyia.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: timu zina wachezaji 15 kila upande, mpira ni wa duara, unachezwa kwa mikono na miguu. Milingoti ya goli ina umbo la herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaapanya ni pointi moja, ukiingia wavuni chini yake ni goli, nalo ni sawa na pointi tatu. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza halafu pointi. Tangu 2025, mpira unaopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 na kupita juu unahesabiwa pointi mbili. Mengine utayaelewa ukitazama mechi moja.

Lililo gumu kueleweka kwa mtu aliyezoea soka la kulipwa ni kwamba hakuna anayelipwa. GAA ilizaliwa katika hoteli moja mjini Thurles mwaka 1884, na hadi leo mchezo unabaki wa ridhaa. Croke Park inachukua watu 82,300. Nyota anayeujaza uwanja huo Jumapili, Jumatatu asubuhi yuko darasani akifundisha, au shambani, au benki. Na refa naye ni hivyo hivyo. Anarudishiwa gharama za safari na chakula, basi. Hana mshahara wala mkataba, na hana klabu ya waamuzi wa kulipwa ya kujificha nyuma yake.

Safari yake inaanzia chini kabisa, kwenye mechi za watoto za klabu za kijijini, mara nyingi kwa sababu siku hiyo hakupatikana mwingine wa kushika filimbi. Akionekana ana uwezo anapewa mechi za watu wazima za kaunti yake, kisha za jimbo, kisha anaingia kwenye orodha ya taifa. Huko anapimwa pumzi kwa kukimbia na anatahiniwa sheria, na wapo wakaguzi wanaokaa jukwaani kumpa alama. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka 15 au 20 kabla hajaikaribia fainali ya Ayalandi nzima, ile kubwa ya Septemba, ambayo siku hizi imehamishiwa Julai.

Kuna jambo katika mfumo wao ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Katika kila mechi ya Kigaeli, mbali na washika vibendera wawili wa pembeni, wapo watu wanne wanaosimama kwenye milingoti, wawili kila goli, wamevaa makoti meupe. Bendera nyeupe ni pointi, ya kijani ni goli. Hao wanne huchaguliwa na refa mwenyewe. Ni kaka zake, shemeji zake, rafiki wa klabu aliyocheza naye ujanani. Husafiri pamoja kwenye gari moja, hula pamoja njiani, na siku mambo yakiharibika hurudi pamoja kimya kimya. Kwa hiyo unapoona refa anakwenda kuzungumza na mtu wa koti jeupe kabla ya kuamua, jua anazungumza na mtu aliyemsindikiza tangu enzi za viwanja vya matope. Uzuri wake ni kuaminiana. Udhaifu wake ni huo huo: mtu wa koti jeupe anayetofautiana na refa anatofautiana na rafiki yake, mbele ya umma, kwa sekunde tano.

Halafu kuna kaunti. Mpira wa Kigaeli ni mchezo wa asili ya mtu: unachezea kaunti unakotoka, huuzwi wala hununuliwi. Refa naye ana kaunti, jina lake halitajwi bila kaunti yake kwenye mabano, na haruhusiwi kuchezesha kaunti hiyo kwenye mechi hizi kubwa. Matokeo yake ni kwamba mafanikio ya refa yanategemea kwa sehemu watu wa kwao kutofanikiwa. Pitia waliopewa fainali ya Ayalandi nzima: Joe McQuillan wa Cavan, 2011, 2013, 2017 na 2021, Cavan ilitwaa ubingwa mara ya mwisho 1952. David Coldrick wa Meath, 2007, 2010, 2015 na 2020. Meath haijatwaa tangu 1999. Maurice Deegan wa Laois, 2008, 2012 na mechi ya pili ya 2016, iliyochezwa baada ya sare. Laois haijawahi kabisa. Marty Duffy wa Sligo, 2009. Sligo nayo haijawahi. Brendan Cawley wa Kildare, 2025; Kildare mara ya mwisho ni 1928.

Sasa weka upande wa pili. Kuanzia 2004 hadi 2025 ubingwa umetolewa mara 22, na mara 16 umekwenda Kerry au Dublin. Katika miaka hiyo yote hakuna fainali hata moja iliyochezeshwa na mtu wa Dublin au wa Kerry. Wanaume wa kaunti hizo mbili wanaopenda filimbi wapo, lakini mara kwa mara timu yao wenyewe ndiyo inayowazibia njia. Sisemi hili ni dhuluma. Kanuni ni ya haki na ningeitetea. Nasema tu linaonyesha refa huyu ni mtu wa namna gani: anapenda kaunti yake kama wengine wote, amekua akiota kuiona ikinyanyua Sam Maguire, kombe la bingwa wa Ayalandi nzima, na siku ndoto hiyo ikitimia yeye atakuwa kwenye kiti cha mtazamaji.

Na hata hapo hawamwachi. Mwaka 2019 fainali ya Dublin na Kerry alipewa David Gough, mtu wa Meath, ambaye wakati huo aliishi na kufanya kazi Dublin. Wiki nzima kabla ya mechi sauti kutoka Kerry zilihoji hadharani kama mtu anayeishi katikati ya mashabiki wa Dublin anaweza kuwa huru. Mechi ikaja. Gough akawapa Kerry penalti, na kabla ya mapumziko akamtoa Jonny Cooper, beki wa Dublin, kwa kadi nyekundu. Kipa Stephen Cluxton aliidaka penalti ile na mechi ikaisha sare, 1-16 kwa 1-16. Lawama ikahama upande. Sasa walionung'unika walikuwa wa Dublin. Mtu huyo alipaswa aishi wapi ili aaminike?

Wakongwe wanakumbuka makubwa zaidi. Fainali ya 1983, Dublin na Galway, refa John Gough wa Antrim alitoa wachezaji wanne, watatu wa Dublin na mmoja wa Galway. Dublin wakashinda wakiwa 12. Fainali ya 1996 ilipokwenda mechi ya pili, Meath na Mayo, ngumi zilizuka dakika za mwanzo na karibu kila mchezaji akawa ndani. Pat McEnaney wa Monaghan aliwatoa wawili, Liam McHale wa Mayo na Colm Coyle wa Meath. Coyle ndiye ambaye mpira wake, katika mechi ya kwanza, ulidunda ukapita juu ya mtambaapanya na kuleta sare. Meath walishinda mechi ya pili kwa pointi moja. Mayo haijatwaa ubingwa tangu 1951, na huko jina la McHale na lile la refa bado hutajwa pamoja kwenye meza za baa. McEnaney aliaminiwa na wakubwa wake, akapewa fainali nyingine baadaye, na akaja kuongoza kamati ya waamuzi ya taifa. Lakini alichofanya siku ile kilikuwa kuchagua wawili kati ya thelathini, bila picha ya kurudia wala sauti sikioni, katika sekunde ambazo hata kamera haikuziona vizuri.

Nirudi kwenye hoja yangu, kwa sababu GAA imekwisha kukutana na swali la 2010 zaidi ya mara moja, na kila mara imejibu tofauti.

Mwaka 1995, kwenye mashindano hayo hayo ya Leinster, Laois waliifunga Carlow kwa pointi moja. Picha za televisheni zikaonyesha kwamba mpira wa Mick Turley uliohesabiwa ulikuwa umepita nje ya mlingoti. Laois wenyewe wakasema mechi irudiwe. Ikarudiwa, wakashinda tena, na heshima yao haikupungua hata chembe.

Mwaka 1998, katika hurling, mchezo wa magongo unaosimamiwa na chama hicho hicho, refa Jimmy Cooney wa Galway alipuliza filimbi ya mwisho kama dakika mbili kabla ya wakati. Clare walikuwa mbele ya Offaly kwa pointi tatu katika nusu fainali. Mashabiki wa Offaly wakaketi kwenye nyasi za Croke Park wakakataa kuondoka. Safari hii chama kiliamuru mechi irudiwe, maana muda haukukamilika. Offaly walishinda ile ya kurudia na mwishowe wakatwaa ubingwa wa nchi.

Mwaka 2023 fainali ya klabu bingwa iliisha Kilmacud Crokes, klabu ya Dublin, wakiwa na wachezaji zaidi ya 15 uwanjani katika sekunde za mwisho, wakilinda goli dhidi ya mpira wa mwisho wa Glen, klabu ya Derry. Glen wakakata rufaa, kamati ikaamuru mechi irudiwe, Kilmacud nao wakapinga, na mwisho Glen wakachoka na kuliacha.

Zipange kesi hizo nne pamoja na uniambie kanuni iko wapi. Kosa la saa lina dawa. Kosa la idadi ya wachezaji lina dawa, lakini aliyeumizwa ndiye aanze kupiga mlango na kuitwa mtu asiyekubali kushindwa. Kosa la goli lisilo goli halina dawa isipokuwa huruma ya aliyenufaika. Laois 1995 walikuwa nayo, Meath 2010 hawakuwa nayo. Siwalaumu sana wachezaji wa Meath. Vijana waliocheza kwa ridhaa, kombe likiwa tayari mkononi, kuwataka walirudishe ni kuwabebesha kazi ya chama. Tena aliyeachiwa mzigo mzito kuliko wote ni refa. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kurekebisha matokeo, kilichobaki cha kuzungumzwa kilikuwa yeye tu.

Najua jibu la wenye kanuni, na lina uzito. Ukifungua mlango wa kurudia mechi kwa kosa la refa, hakuna mechi itakayoisha uwanjani. Kila kaunti itakuja na mkanda na wakili. Lakini sitaki mlango huo wote. Ninataka upenyo mmoja mwembamba: refa mwenyewe, kwa hiari, akiandika katika ripoti kwamba bao alilolikubali au kulikataa halikuwa sahihi kisheria, na bao hilo ndilo lililoamua mshindi katika dakika za mwisho, kamati iwe na mamlaka ya kuamuru mechi irudiwe. Hiari, ripoti, bao, dakika za mwisho. Mechi za namna hiyo katika miaka 50 zinahesabika kwa vidole. Na faida yake haiishii kwa timu iliyodhulumiwa. Refa angejua kwamba kukiri kwake kunatengeneza kitu, na umma ungekuwa na sababu ya kumsubiri aandike badala ya kumkimbiza.

GAA haikukaa bure tangu wakati ule, na lazima niiseme kwa haki. Mtambo wa Hawk-Eye wa kukagua mpira ukipita kwenye milingoti uliwekwa Croke Park 2013. Kadi nyeusi, kwa faulo za makusudi za kuua mchezo, ikaanza 2014. Tangu 2020 mwenye kadi hiyo anakaa nje dakika kumi. Mwaka 2025 ndio yalikuja mageuzi makubwa, yaliyoandaliwa na kamati ya Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin. Saa ikatolewa mikononi mwa refa: sasa iko ubaoni na honi inalia muda ukiisha, hivyo kosa kama lile la 1998 haliwezi kutokea katika mechi kubwa ya mpira wa Kigaeli. Nahodha ndiye mwenye ruhusa ya kuzungumza na refa. Mchezaji akibishana, mpira wa adhabu unasogezwa mbele mita 50.

Hiyo ya mita 50 imefanya zaidi ya mabango yote ya kuhimiza heshima. Mchezaji anayefungua mdomo anaiadhibu timu yake papo hapo, kwa pointi inayoonekana, na wenzake ndio wanaomnyamazisha. Ukitazama mechi za msimu ule utaona refa anapuliza, na watu wanauacha mpira chini na kurudi nyuma. Mwaka mmoja tu nyuma wangekuwa wamemzunguka sita.

Mashine nazo zisitufanye tulale. Nusu fainali ya 2022, Galway na Derry, Hawk-Eye ilikataa mpira wa Shane Walsh ambao macho ya kila mtu yaliuona umepita ndani. Wakati wa mapumziko pointi ikarudishwa kwenye ubao, na siku iliyofuata nusu fainali ya pili ikachezwa bila mtambo huo. Mashine ilipokosea, kosa likatengenezwa ndani ya saa moja na hakuna aliyeona aibu. Binadamu alipokosea 2010, kanuni ikasema haiwezekani.

Mageuzi haya, hata hivyo, yanaonekana zaidi Croke Park. Kule chini, kwenye viwanja visivyo na jukwaa, mambo ni mengine. Mwaka 2022 katika kaunti ya Roscommon refa alishambuliwa kwenye mechi ya vijana hadi akapelekwa hospitali. Mechi ya vijana, hebu fikiri. Na huko ndiko anakotoka McQuillan wa kesho, huko ndiko msichana wa miaka 17 anajaribu filimbi kwa mara ya kwanza huku baba wa mchezaji akimpigia kelele kutoka kwenye mstari. Maggie Farrelly wa Cavan alipita njia hiyo. Mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya kaunti ya wanaume wakubwa, 2021 akachezesha fainali ya klabu za wanaume ya kaunti yake, na 2022 mechi ya ligi ya taifa kati ya Leitrim na London. Hakuna ajuaye ni wangapi wenye kipaji kama chake waliirudisha filimbi baada ya mwezi mmoja.

Tarehe 11 Mei 2025 Louth na Meath walikutana tena katika fainali ya Leinster, Croke Park ile ile. Louth 3-14, Meath 1-18: tofauti ya pointi mbili, kama ile ya 2010, safari hii upande wa pili. Miaka 68 ya kungoja ikaisha. Saa ilikuwa ubaoni, manahodha ndio waliozungumza na refa, bendera za rangi ya chungwa zilikuwepo kwa ajili ya mipira ya pointi mbili. Katika kanuni zote mpya zilizotumika siku hiyo, hakuna hata moja ambayo ingejua la kufanya na ripoti ya Martin Sludden.